Asilimia 11 kwenye risiti ya risasi: wenye bunduki wa California wanalilia nini hasa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, niko Sacramento mwaka wa sita huu. Nafanya kazi ya ulinzi na nina kibali cha kubeba bastola nikiwa kazini. Risasi za mazoezi najinunulia mwenyewe. Tangu Julai 2024 risiti imeongezeka mstari mmoja, kodi ya asilimia 11. Kwangu ni dola chache, lakini pale uwanja wa shabaha ni kama kuna msiba. Mzee mmoja anasema ni sawa na kumtoza mtu hela ili apige kura. Mwingine anasema anabebeshwa madhambi ya wahuni. Wa tatu kila mwezi anaaga kwamba anahamia Nevada, na mwezi unaofuata tunamkuta palepale. Na hao hao wanalipa kodi ya petroli na sigara bila neno. Wana hoja, au ni kelele tu? Na mbona polisi wamesamehewa, sisi walinzi tukaachwa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali mawili, la wenzako na la kwako. La kwako nitalijibu mwisho, kwa sababu ndilo lenye hela ndani yake.

Tuanze na huo mstari wa risiti. Sheria yenyewe inaitwa AB 28. Aliyeipeleka bungeni ni Jesse Gabriel, na Gavana Gavin Newsom aliitia saini Septemba 2023. Kuanzia tarehe 1 Julai 2024, muuzaji wa rejareja anadaiwa asilimia 11 ya bei ya kila bunduki, kila boksi la risasi, na vile vipande vya bunduki ambavyo mtu huvimalizia kuviunda mwenyewe nyumbani. Kisheria mdaiwa ni mwenye duka, si wewe. Ila mwenye duka naye ana watoto wa kulisha, kwa hiyo anaishusha kwako, na wengi wao wanaiandika peke yake kwenye risiti ili ujue si wao walioipandisha bei.

Piga hesabu. Bastola ya dola 600 inabeba dola 66. Juu yake kuna kodi ya mauzo ya jimbo, ambayo California haishuki chini ya asilimia 7.25, na ada ya dola 37.19 ya kuchunguza rekodi zako. Kama huna cheti cha usalama wa bunduki, kuna dola 25 nyingine. Halafu unasubiri siku 10. Boksi la risasi 50 la dola 18 linaongezeka dola 1 na senti 98. Hiyo ya boksi haimfilisi mtu, hapo nakubaliana nawe. Anayefyatua risasi 500 kila wikendi kwa mashindano ndiye anayeiona vizuri, na watu hao wapo wengi pale unapofanyia mazoezi, ndiyo maana kilio unakisikia kikubwa kuliko kilivyo mitaani.

Lakini hasira hii haikuzaliwa kwenye hesabu, na ushahidi ni huu: watu hao hao wamekuwa wakilipa kodi ya namna hii, kwa kiwango kinachokaribia hicho, tangu kabla babu zao hawajaoa. Serikali kuu ya Marekani inatoza ushuru kwenye silaha na risasi tangu 1919. Leo ni asilimia 10 kwa bastola, na asilimia 11 kwa bunduki nyingine na risasi. Anayelipa ni kiwanda au mwagizaji, kabla mzigo haujafika dukani. Mwaka 1937 Seneta Key Pittman, ambaye alitoka hukohuko Nevada anakokutajia mwenzako, na Mbunge Willis Robertson wa Virginia walipitisha sheria kwamba fedha hizo zisimezwe na hazina kuu, bali zirudi majimboni kufufua wanyamapori. Wakati huo kulungu mkia-mweupe na bata mzinga wa mwituni walikuwa wametoweka katika maeneo mengi. Wamerudi. Siku hizi mfuko huo umekuwa ukigawa karibu dola bilioni 1 kwa mwaka, na sehemu yake hujenga hata viwanja vya shabaha.

Sasa nenda kamuulize mwindaji yeyote mzee kuhusu kodi hiyo. Hatanuna. Atakwambia kwa kujigamba kwamba wawindaji ndio waliolipia kurudi kwa wanyama, si wale wapiga picha wanaokuja na darubini bure. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyamalizia mwenyewe. Ni kodi anayoiita yake.

Watetezi wa AB 28 waliuchukua mfano huo mzimamzima. Walisema: kama bunduki inaweza kuchangia kulungu, ichangie na watu wanaopigwa risasi. Kiwango kilichochaguliwa ni kilekile, 11. Makadirio yalikuwa kama dola milioni 160 kwa mwaka. Milioni 75 za kwanza zinakwenda kwenye ruzuku zinazoitwa CalVIP, ambazo hulipa vikundi vya mitaani vinavyokaa na vijana wenye visasi, vinavyokwenda hospitali kukaa kitandani na majeruhi kabla ndugu zake hawajatoka kulipiza. Milioni 50 zinazofuata ni za usalama wa shule. Kwa karatasi, kulinganisha huko kunakaa sawa.

Kwa nini basi ya 1937 inasifiwa na hii inatukanwa? Sababu ya kwanza ni ndogo ila ina nguvu: ya zamani haionekani. Imemezwa kwenye bei ya kiwandani, na wengi wa wanunuzi hawajui ipo. Hii mpya inakutazama usoni kila unapolipa. Ndivyo ilivyo kwa petroli na sigara ulizozitaja. Laiti kila kituo cha mafuta kingeandika ushuru wake kwa mstari wa peke yake, ungesikia kilio hadi Dodoma.

Sababu ya pili ndiyo kiini. Kodi ya kulungu inamwambia mnunuzi, wewe ni mfadhili. Kodi ya AB 28 inamwambia, wewe ni sehemu ya tatizo. Wachumi wana kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe: kiwanda kinachomwaga sumu mtoni kilipie kusafisha. Mwenye bunduki aliyenunua kihalali, akasubiri siku zake 10, akafungia silaha kwenye kabati la chuma, anauliza: mimi nimemwaga nini? Yule aliyepiga risasi Stockton au Oakland hakupanga foleni nami dukani. Ameinunua uchochoroni, na uchochoroni hakuna asilimia 11.

Hoja hiyo ina uzito, ila haisimami peke yake. Bunduki za uchochoroni hazioti kama uyoga. Nyingi zilianza maisha yake zikiwa halali, zikauzwa na duka lenye leseni mahali fulani, kisha zikaibiwa nyumbani au kwenye gari, au zikanunuliwa na mtu msafi kwa niaba ya mchafu. Biashara halali ndiyo chemchemi, hata kama mnunuzi mmoja mmoja hana hatia. Ningesema hivi kwa mzee wako wa pili: hujabebeshwa dhambi, umeombwa mchango kwa kuwa mlango wenu ndio pekee wenye mtoza kodi. Atachukia. Lakini hata mimi nikiwa yeye ningechukia, kwa sababu mchango wa lazima unaoambatana na lawama ni kodi yenye matusi.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita kwa kunyata. Kodi hii haiwezi kuwa breki na kisima kwa wakati mmoja. Ikifanikiwa kupunguza mauzo, vile vikundi vya mitaani vinakosa fedha. Vikipata fedha tele, maana yake watu wamenunua bunduki kwa wingi. Kwa asilimia 11 mimi naiona kama kisima. Anayetaka bastola ya dola 600 kwa sababu jirani amevamiwa hazuiwi na dola 66. Kwa hiyo wanaoisifu kwamba itapunguza bunduki wanazidisha, na wanaoilaani kwamba ni njama ya kuwanyang'anya silaha wanazidisha vilevile.

Turudi kwa mzee wa kura. Huyo usimcheke, maana ndiye aliyeshika mahali penyewe. Mwaka 1966, katika kesi ya Harper, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta kodi ya kichwa ya Virginia kwa wapiga kura. Ilikuwa dola 1.50 tu. Majaji hawakusema ni nyingi, walisema uwezo wa kulipa hauhusiani kabisa na sifa za mpiga kura. Kabla yake, mwaka 1943, mahakama hiyohiyo iliwaondolea Mashahidi wa Yehova ada ya leseni waliyotozwa Pennsylvania kwa kugawa vitabu vya dini nyumba kwa nyumba, ikisema jimbo haliwezi kumtoza mtu kwa kufurahia haki aliyopewa na katiba. Na mwaka 1983 jimbo la Minnesota lilizuiwa kutoza kodi maalumu karatasi na wino wa magazeti. Gazeti hulipa kodi ya kawaida kama duka la mkate, lakini huwezi kulitungia kodi ya peke yake.

Na hapa ndipo mtu aliyekulia kwetu hupotea, nikiwemo mimi miaka ya kwanza. Tanzania na Kenya bunduki ya raia ni ruhusa. Unaomba kibali, unaeleza sababu, unahojiwa, na anayekupa anaweza kukunyima. Hakuna kifungu cha katiba cha kumshika nacho kanzu. Kwa Mmarekani, tangu kesi ya Heller ya 2008, kuwa na silaha nyumbani ni haki ya mtu binafsi kama kusema na kuabudu, na kesi ya Bruen ya 2022 imewataka majaji wapime kila sheria ya silaha kwa desturi za kale za nchi hiyo. Unaweza kuona ni jambo la ajabu, lakini ndiyo sheria yao. Ukishaikubali, swali la mzee linakuwa swali halali: bunduki ikae kapu la kura, ambalo haliguswi hata kwa senti, au kapu la gazeti, linalolipa kodi ya wote lakini si ya peke yake?

Kuna kapu la tatu ambalo mzee wako halitaji. Mwaka 1934, enzi za majambazi wenye bunduki za rashasha, Bunge la Marekani liliweka kodi ya dola 200 kwa kila rashasha na kila kizuia sauti kinachobadilisha mikono. Dola 200 wakati ule ilikaribia bei ya rashasha yenyewe. Ilikuwa kodi ya kukatisha tamaa, wala hawakuficha. Mahakama ya Juu iliiacha sheria hiyo isimame mwaka 1937 katika kesi ya Sonzinsky, iliyohusu kodi ya wauzaji wa silaha hizo, ikasema kodi haiachi kuwa kodi kwa sababu tu inazuia. Kwa karibu miaka 90 hakuna aliyeipandisha wala kuishusha, hadi mfumuko wa bei ukaila yenyewe. Kisha sheria kubwa ya bajeti ya Julai 2025 ikaishusha hadi sifuri kwa vizuia sauti na bunduki zilizofupishwa mtutu, kuanzia Januari 2026. Yaani Washington inafuta huku Sacramento, makao makuu ya California, inaandika.

Mwisho mwingine wa kamba uko visiwa vya Mariana ya Kaskazini, ambavyo viko chini ya Marekani. Huko waliweka ushuru wa dola 1,000 kwa kila bastola. Mahakama ya shirikisho iliufuta mwaka 2016, kwa kuwa ulikuwa mlango uliofungwa tu ukaitwa kodi. Sasa chora mstari: senti chache upande huu, dola 1,000 upande ule, na asilimia 11 mahali fulani katikati. Wanaoipinga AB 28 walifungua kesi San Diego wiki ileile sheria ilipoanza, vyama vya kutetea wenye bunduki vikiwa nyuma yao, na hoja yao kubwa ni kwamba mstari huo usichorwe kabisa: ukikubali 11 leo, kesho nani atakataa 50? Hapo ndipo hofu yao ilipo, na kwa maoni yangu ndiyo hoja yao bora. Si bei ya leo, ni kukosekana kwa kizuizi cha kesho.

Mahakama ya Juu ya Illinois ilijaribu kuweka kizuizi. Kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo, ilitoza dola 25 kwa bunduki na senti kwa kila risasi. Oktoba 2021 majaji walisema tozo hiyo inagusa haki ya msingi, na kwamba kaunti haikuonyesha fedha zinakwenda kwenye tatizo lililotajwa kuwa sababu ya kuzitoza. Kaunti haikufuta tozo. Ilibadilisha maandishi, ikazielekeza fedha kwenye kupambana na risasi za mitaani, kisha ikaendelea kutoza. Ukiisoma AB 28 na mgawanyo wake wa milioni 75 na milioni 50 uliopigwa muhuri, utaona waliisoma hukumu ile vizuri.

Yule wa Nevada naye ana historia nyuma yake. Seattle ilianza kutoza mwaka 2016: dola 25 kwa bunduki, senti 2 kwa risasi ndogo na senti 5 kwa nyingine. Jiji lilitarajia kati ya dola 300,000 na 500,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza lilipata kama 104,000, na duka moja la bunduki lilifunga virago likahamia Lynnwood, mwendo mfupi tu kwa gari. Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ilisema kodi hiyo ni halali, ila uhalali haukujaza kapu. Kodi ya jiji moja ni kama uzio wa upande mmoja wa shamba, mbuzi wanazunguka.

California ni shamba kubwa zaidi, na uzio wake una miiba. Bastola huwezi kuinunua dukani Reno, huko Nevada, ukarudi nayo. Sheria ya shirikisho ya 1968 inataka ipitie kwa muuzaji mwenye leseni wa jimbo lako. Risasi nazo, tangu Januari 2018 sheria ya California inamkataza mkazi kuingiza alizonunua nje ya jimbo bila kuzipitisha kwa muuzaji mwenye leseni. Kanuni za risasi zimepigwa danadana mahakamani mara nyingi, kwa hiyo kabla hujamfuata mtu kwenda Reno muulize kwanza muuzaji wako kuhusu kanuni za siku hiyo. Wewe unaishi kwa kibali. Mwenzako akikamatwa anapoteza boksi la risasi, wewe unaweza kupoteza kazi, na kama hujapata uraia, mengine makubwa zaidi.

Ile ya Colorado naitaja kwa kupita tu: asilimia 6.5, kuanzia Aprili 2025, na huko wananchi wenyewe waliipigia kura Novemba 2024 wakaipitisha kwa zaidi ya asilimia 54, kwa sababu katiba ya jimbo lao haimruhusu mbunge kupandisha kodi bila kuwauliza. Fedha nyingi zinakwenda kwa wahanga wa uhalifu. Kumlaani gavana ni rahisi. Kumlaani jirani aliyepiga kura ya ndiyo, na kesho mnakutana kanisani, kuna ugumu wake.

Sasa lako. Msamaha wa AB 28 ni kwa vyombo vya dola na kwa askari wa dola, walio kazini na hata waliostaafu. Wauzaji wadogo sana, ambao mauzo yao ya robo mwaka hayafiki dola 5,000, nao wametolewa. Mlinzi wa kampuni binafsi hahesabiwi kuwa askari wa dola, hata kama anasimama mlangoni na bastola kiunoni usiku kucha. Katika malalamiko yote ya pale uwanjani, hili ndilo ninaloliunga mkono bila kusitasita. Kama hoja ni kwamba bunduki huleta gharama kwa jamii, basi bastola ya polisi mstaafu anayelenga shabaha kujifurahisha inaleta gharama ileile kama ya mzee wako. Na wewe unayelazimishwa na masharti ya kibali kurudia jaribio la shabaha mara mbili kwa mwaka unalipa kodi kwa kutii sheria. Msamaha ule ni wa siasa. Bila vyama vya polisi, kodi California haipati ile theluthi mbili ya wabunge inayotakiwa. Huo ni mtazamo wangu, usiuchukue kama hukumu.

Lakini kuna mlango ambao sidhani umeugonga. Sheria ya kazi ya California, kifungu cha 2802, inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi gharama za lazima alizotumia kwa ajili ya kazi. Kama kampuni inakutuma na bastola, na risasi za majaribio unanunua mfukoni mwako kwa kuwa ndiyo masharti ya lindo lako, muulize meneja kwa maandishi kama zinarudishwa, pamoja na kodi yake. Wengine watakwambia kibali ni chako binafsi na gharama ni zako, na kwa ada ya kibali wanaweza kuwa na la kusema. Risasi walizokutaka uzitumie ni habari nyingine. Akikataa, Ofisi ya Kamishna wa Kazi ya jimbo hupokea madai bila kukutoza chochote, na huhitaji wakili kufungua dai.

Tenganisha tu manunuzi. Boksi za mazoezi ya kazi zipate risiti yake, na zile unazofyatua Jumapili na huyo mzee zipate yake, na zote ziandike tarehe na jina la lindo nyuma kwa kalamu. Wino wa risiti za siku hizi hufifia, kwa hiyo zipige picha siku hiyohiyo.